Ngazi ya Saluni na Mkono wa Fundi

Benchi letu liko kati ya saluni ya Kinyozi na chumba cha fundi cherehani. Mimi hukaa pembeni nikimnyonyesha mwanangu, na wanaume wananiachia upande wenye kivuli bila kuombwa. Juzi asubuhi fundi aliteleza kwenye ngazi ya saluni, iliyokuwa imetoka kupigwa deki kwa sabuni, akavunjika mkono. Sasa anasema atamshtaki Kinyozi. Kinyozi akishindwa, saluni ndiyo inakwenda, na hana kazi nyingine.

— Tulia, Kinyozi, alisema Wakili, tunayemwita hivyo kwa kuwa aliwahi kutoa ushahidi mahakamani. Kinga ya kwanza ni onyo. Kibao uliweka?

— Niliweka. "Angalia, pameloa."

— Kesi imekwisha!

— Ila nilikitundika ndani. Nje upepo unakiangusha.

Breki, anayetengeneza baiskeli, akapaliwa na kahawa.

— Yaani mtu anaonywa akiwa anatoka?

— Si neno, akasema Wakili. Kinga ya pili, uzembe wake. Kwa nini hakushika ukuta?

— Alibeba nguo mikono yote miwili.

— Basi lawama nusu kwa nusu. Aliyeko juu mngoje chini.

— Methali hiyo inaingiaje hapo, kaka? nikauliza.

— Si alikuwa juu ya ngazi, dada? Haya, kashuka.

Breki akaona asipitwe.

— Saluni ilikuwa haijafunguliwa. Aliyekuja kabla ya kufunguliwa ni mvamizi. Mvamizi akiteleza, shauri yake.

— Alikuwa ananiletea koti langu la kazi, Kinyozi akasema polepole. Alinishonea mfuko. Bure.

Wakili akakohoa kidogo.

— Hata hivyo, mtaa mzima unajua unadeki kila asubuhi. Aliyejua akapanda, amekubali kuteleza.

— Tena ishtaki sabuni! Breki akadakia. Walioitengeneza walijua inateleza!

Hapo akafika mama mmoja na kitambaa chake kwapani.

— Hamjambo? Nimekuta kwa fundi kimya. Kwa mkono ule, nani anampikia?

Wakili akachungulia kikombe. Breki akafuta spana iliyokuwa safi. Sote tunajua fundi anaishi peke yake.

Kinyozi akainuka.

— Kaa chini! Wakili akamshika shati. Ukienda kwake umekiri kosa!

— Basi nimekiri. Dada, twende wote. Mimi nitachota maji na kuwasha jiko. Kumwogesha, mwanamke mwenzake ndiye anayefaa.

Nikamfunga mwanangu mgongoni.