Fundi Tulia, Mpapasa Kamba za Nanga

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alipanga matofali kwenye tanuri na mama yake alifua nguo za watu. Dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni, anasema alianza kutambaa kabla ya kujua kukaa, na alipojua kukaa hakukaa sana. Neno "tulia" aliambiwa mara nyingi kuliko jina lake, mwisho likawa ndilo jina. Wengi wenu mlimjua kwa hilo tu: Fundi Tulia.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya kiwanda, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Mwalimu wa hesabu alimwambia mama yake kwamba mtoto ana akili, ila akili yenyewe haipatikani dawatini. Alijiunga na chuo cha ufundi kujifunza kushona maturubai, akaacha mwaka wa pili baba yake alipougua.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika bandari ndogo ya boti za starehe, na hapo alibaki hadi mwisho. Kazi yake ilikuwa kamba za nanga. Wenye boti huja mwisho wa wiki na familia zao, hutia nanga karibu na ukuta wa mawe, hula, huogelea, husinzia. Kinachowashika wasiyafikie mawe ni kamba ile. Nayo hulika panapojificha: pale inapopita kwenye tundu la omo, mbele ya boti, na kusuguliwa kutwa nzima, na kule chini inapoungana na mnyororo, ambako mchanga huingia kati ya nyuzi na kuzisaga kwa ndani. Marehemu aliivuta kamba yote, akailaza gatini, akafumba macho na kuipitisha vidoleni. Alisema macho hudanganywa na rangi. Alipogusa mahali palipokakamaa au palipopungua unene, alisimama, akakata, akaunganisha mpya. Akisema ni nzima, hakuna aliyembishia.

Alifunga ndoa tarehe 14 Julai 1984 na fundi cherehani ambaye duka lake lilikuwa mtaa wa nyuma ya bandari. Alikwenda kushonesha suruali, na kila akipimwa alikimbilia mlangoni kutazama upepo. "Kaka, nikupime au nikukimbize?" aliulizwa. Wiki iliyofuata alirudi na suruali nyingine, isiyo na kasoro yoyote. Siku ya harusi aliinuka katikati ya hotuba ya mjomba wake akaenda kupapasa kamba za hema. Moja ilikuwa imelegea kweli. Mjomba hakumsamehe. Walijaliwa mabinti wawili, waliokua wakijua kwamba upepo ukigeuka wakati wa chakula, kiti cha baba kitabaki kitupu na sahani yake itafunikwa.

Sehemu inayofuata marehemu aliagiza isomwe bila kupunguzwa.

Aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2011. Miaka ilivyokwenda, miguu ilianza kufa ganzi, kisha vidole vya mikono. Hakumwambia mtu. Aliendelea kufumba macho na kuzipitisha kamba vidoleni, na kusema ni nzima.

Mwezi wa nne mwaka 2021, kamba ya boti ya daktari wa meno ilikatika familia ikiwa mezani. Boti ilisukumwa hadi kwenye ukuta wa mawe ikapasuka ubavu. Wote walitolewa salama, isipokuwa mkwe wa daktari, mama mtu mzima, aliyevunjika mkono. Daktari alisema ni ajali. Bandarini wote walisema ni ajali. Marehemu alikiokota kile kipande cha kamba akaenda nacho dukani kwa mkewe, akaanza kueleza ilivyokatika, akazunguka meza, akaeleza tena. Alipoegemea meza ya kushonea, mkewe aliona pini imesimama kwenye kidole gumba chake, naye anaendelea kueleza.

"Baba watoto," alimwambia, "tangu lini?"

Alijibu kwamba ni tangu mvua za mwaka juzi.

"Na kamba ulizozipitisha tangu mvua za mwaka juzi?"

Marehemu alitoka, akarudi, akatoka tena. Karibu kila boti iliyofungwa pale ilikuwa na kamba aliyoisemea ni nzima, na mwisho wa wiki ulikuwa unakuja na watoto na vikapu vya chakula. Mkewe alifunga duka, akachukua kigoda chake cha kushonea.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. "Vyako kumi vimelala. Vyangu viko macho. Twende."

Marehemu alikwenda kwa kila mwenye boti akamwambia kwa kinywa chake kwamba vidole vyake havisikii na asitie nanga kwanza. Wengine walimshukuru. Mmoja alimfukuza gatini mbele ya watu, naye alirudi kesho yake, akafukuzwa tena, akarudi. Alivuta kamba, mkewe akakaa kwenye kigoda na kuzipitia, yeye akiwa amemsimamia kichwani: papasa hapo, fungua nyuzi, tazama ndani, si juu, ndani. Mkewe alimwambia akiendelea kumpumulia shingoni atamshona kwenye turubai. Zile mbovu zilikatwa na kubadilishwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake marehemu alifanya kazi akiwa amefumbua macho.

Ya mwisho ilikuwa ya mwalimu mstaafu, ambaye boti yake ilikuwa ndiyo nyumba ya wajukuu wake kila Jumamosi. Alikataa. Kamba ilikuwa nyeupe, nzuri, na fundi mwenyewe aliisifu. Marehemu alisimama gatini tangu asubuhi, akitembea kutoka omo hadi tezi kule nyuma, kutoka tezi hadi omo.

"Nikikuruhusu, utaniondokea?" mwalimu aliuliza hatimaye.

"Nitaondoka, mwalimu."

Kule chini, kwenye mnyororo, vidole vya mkewe vilisimama. Alizifungua nyuzi, na kilichokuwa ndani kilimwagika kama unga. Mwalimu alikaa chini. Wajukuu wake walikuwa tayari wamevaa nguo za kuogelea.

Baada ya hapo marehemu hakukagua tena peke yake. Yeye alivuta, mkewe alipapasa, na wenye boti walizoea kungoja neno la mama.

Figo zilishindwa kazi mwanzoni mwa mwaka 2023. Wodini aliupapasa mpira wa dripu kila aliposahau kwamba si kamba, na muuguzi alimwambia tulia bila kujua kwamba anamwita jina. Siku ya mwisho aliuliza boti moja moja, na mkewe akajibu moja moja.

"Na ya mwalimu?"

"Nimeipitia Jumatatu. Yote, hadi kwenye mnyororo."

Aliegemea mto, akaacha kuuliza. Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 2 Agosti 2023, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na dada yake mkubwa, aliyekuwa wa kwanza kumwambia atulie.

Kamba zitakazomshusha kaburini leo ni mpya. Hata hivyo jana mama aliomba aletewe, akazilaza kwenye meza ya kushonea, akazipitia kutoka ncha hadi ncha, akafungua nyuzi na kutazama ndani. Ameomba tukuambie kwamba ni nzima.

Hakuna tena cha kuinukia, Fundi. Pumzika kwa amani.