Mahindi ya Pombe Kwenye Msiba wa Editha

Wasikilizaji wapendwa, mimi ni Theodora Alute, na leo nimekaa kwenye kiti hiki nikiwa na hasira. Sitaificha.

Jumamosi tumemzika Editha Mughwai, kule Mtinko. Editha alikuwa mtafiti wa ukungu kwenye chakula. Amefariki kwa shinikizo la damu, akiwa na miaka arobaini na minne.

Mama yake, Bibi Kristina, alikuwa mpika mtukuru, pombe yetu ya mahindi. Mnajua mazoea yetu. Mahindi yakiota ukungu hayatupwi. Yanachambuliwa, mazuri ya ugali, mabovu ya pombe. Editha amekua akichambua mahindi hayo.

Akaenda chuo kikuu, akarudi na vifaa vyake. Akapima mahindi ya mama yake na kukuta sumukuvu, yaani sumu inayoletwa na ukungu ule. Kaka yake, Isaka, alikuwepo.

"Alimwambia, mama, sumu hii haifi kwa moto, na kwenye pombe inabaki," anasema Isaka. "Mama akamjibu, pombe hiyo ndiyo iliyokusomesha. Hawakusemeshana miezi mitatu. Halafu mama akaacha kupika. Hakueleza, aliacha tu."

Mama mzazi alielewa. Wakubwa wa ofisini hawakuelewa.

Mwaka huu Editha alipima mahindi ya stoo moja, chakula cha wanafunzi. Wenye stoo wanajijua. Akakuta sumu. Akaandika ripoti, akaomba yateketezwe yote, kwa sababu hata punje inayong'aa inaweza kuwa nayo. Alikwenda ofisini kwao mara tatu, akiamkia shikamoo kila meza. Wakamjibu: yachambuliwe, mazuri yaende shule, mabaya wapewe wapika pombe. Wasomi wazima, wasikilizaji wapendwa, wanajibu hivyo.

Akaja hapa studio. Aliomba nusu saa. Nilimpa dakika mbili, nikamkatisha nisome matokeo ya mpira. Ni mimi niliyemkatisha, si mtu mwingine. Leo amekufa, ndiyo namletea kipindi kizima.

Sasa sikieni ya msibani. Waombolezaji walileta pombe, mapipa mawili. Bibi Kristina alikuwa amekaa mkekani, amejifunika kanga. Akauliza, "Mahindi mmetoa wapi?"

Mama mmoja akajibu bila wasiwasi, "Yale ya stoo, shangazi. Yaliyochambuliwa."

Bibi Kristina ana miaka sabini na sita. Aliinuka, akayasukuma mapipa yote mawili mpaka yakamwagika uani. Akasema, "Mwanangu hatazikwa kwa hii." Akarudi kukaa.

Na wapo wanaume walionuna, wakaondoka kabla kaburi halijafukiwa. Niliwaona. Walikuja kumzika Editha au walikuja kunywa?

Bibi Kristina, kaka Isaka na ukoo wote wa Mughwai, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Bibi, mimi nakuomba msamaha, nawe utanijibu ukipenda.

Ninyi mnaonisikiliza, tafakarini jambo moja tu. Mabaya tumeyaona yakimwagika uani kwa mzee wa watu. Yale waliyoyaita mazuri bado yako stoo, kwenye magunia, yamefungwa tayari. Editha hayupo tena wa kwenda mara ya nne. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na saa nne asubuhi watoto watapanga foleni ya uji.