Teodosia na Sufuria za Nkowe

Dada Teodosia Mchopa anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kutumikia jiko na stoo ya misaada ya kanisa letu hapa Nachingwea kwa miaka thelathini na moja. Mimi Eustakio nimeendesha lori la kanisa miaka ishirini na sita kati ya hiyo, sijaliangusha hata mara moja, ndiyo maana nimeandika mimi. Wapo waliosoma kunizidi, ila hawakuwepo.

Alianza kama mpishi, baadaye akapewa funguo za stoo. Upepo ulipoezua nyumba kule Chiola, alifika na maturubai kabla ya viongozi. Huchagua maharage huku anasali rozari, na jiwe halimpiti.

Lakini habari yenyewe ni ya Nkowe.

Mwaka juzi mafuriko yalibeba nyumba na vihenge vya chakula huko Nkowe, wilaya ya Ruangwa. Mimi na Teodosia tulikuta watu mia mbili kwenye madarasa ya shule, siku ya pili hawajala, karibu wote Waislamu. Nikashusha sufuria kubwa ya kanisa peke yangu. Mzee Shaibu, mmoja wa wale waliokimbia maji, akauliza kama itawatosha watu wote wale. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Krismasi tulipikia humo nguruwe mzima na nafasi ikabaki.

Akina mama wakashika watoto mikono, wakarudi nao darasani. Mzee Shaibu akasema taratibu, "Tunashukuru, ndugu yangu. Sisi tutasubiri tu."

Nilikasirika. Nikamwambia Teodosia tuisugue kwa mchanga tupike, mwenye njaa atakula, asiyetaka basi.

"Eustakio," akasema, "mto umewachukulia kila kitu. Hiki ndicho walichobaki nacho. Na sisi tuje tukichukue?"

Akavua viatu, akapanda matope hadi kitongoji cha juu ambako maji hayakufika, nyumbani kwa Bi Biasha, anayetunza sufuria za shughuli za akina mama wa Kiislamu, zile za harusi na misiba. Akaeleza yote, hata maneno yangu ya nguruwe. Bi Biasha alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza nani atapika.

"Mtapika ninyi, dada. Mimi nipeni kazi ya kuni na maji."

Barabarani nimeona mengi, lile sijaliona tena. Mkuu wa misaada, mwenye funguo zote, kapiga magoti kwenye tope anapuliza moto wa wenzake, rozari shingoni. Chakula kilipopakuliwa, wao wakasema bismillahi, yeye akafanya ishara ya msalaba palepale penye kuni. Watoto wakala. Darasa zima kinachosikika ni kutafuna tu. Nikajikuta nimevua kofia. Misa nyingi nimesinzia. Pale sikusinzia.

Njia nzima ya kurudi alinisubiri niseme neno, sikusema. Mnanijua. Lakini sitaki aondoke hivihivi. Dada Teodosia, siku ile nilikosea mimi.

Tunakushukuru kwa kila mtu aliyeshiba mkononi mwako. Kapumzike Mnero kwenye mikorosho yako, Mungu akupe afya na miaka mingi ya raha. Mizigo yako nitaipakia mimi, na lori nitaendesha mimi.