Desemba Tulipoacha Kuikimbia Ibaba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mlioketi kule nyuma karibu na mlango nimewasikia kidogo tu, lakini Bwana amewasikia vizuri.

Mnanifahamu kama Mama Tumpe, nauza vitenge pale stendi. Mume wangu ni wakala wa forodha, kazi yake ni kushughulikia malori yavuke mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Yule pale, upande wa akina baba. Ameniruhusu niseme yote, hata yanayomhusu yeye, kwa hiyo msimwangalie sana.

Picha za likizo zetu wengi mliziona. Kila Desemba tulisafiri. Zanzibar, kisha Zambia kutazama maporomoko ya maji, kisha Zanzibar tena. Hoteli zenye bwawa, chakula cha kujipakulia, vitambaa vyeupe mezani. Baadhi yenu mliniambia, "Mama Tumpe, Mungu amewainua." Nami nilicheka nikaitikia Amina.

Ndugu zangu, leo nawaambia kilichokuwa nyuma ya zile picha.

Tulikuwa na mtoto wa kiume, Lusekelo, mdogo wake Tumpe. Alikwenda kumsalimia bibi yake, mama mkwe wangu, kule Ibaba milimani Ileje. Aliporudi hapa Tunduma akashikwa na homa kali. Tulihangaika, tukaombewa, lakini Bwana akamchukua. Tukamzika Ibaba, nyumbani kwa baba yake, mwezi wa kumi na mbili, mvua ikinyesha.

Tangu siku ile hatukurudi Ibaba. Hakuna aliyesema tusirudi. Desemba ilipokaribia tu, mume wangu alianza kutafuta hoteli, na mimi nikaanza kufungasha mabegi. Tulimtumia mama hela ya mbolea na sukari kwa simu, tukamwambia kazi zimetubana. Hakulalamika hata mara moja.

Na kule hotelini, mnadhani tulipumzika? Asubuhi moja Zanzibar mhudumu alituuliza, "Mko wangapi?" Mume wangu akajibu, "Wanne." Tulikuwa watatu. Yule kijana akaweka sahani nne, na hakuna kati yetu aliyemsahihisha. Tulikula huku sahani moja iko tupu, halafu tukaenda kupiga picha. Mojawapo ya zile mlizozipenda ni ya asubuhi ile.

Tulirudi Tunduma tumechoka kuliko tulivyoondoka. Ndani ya nyumba tulikuwa watu wa kuulizana chumvi na funguo. Yeye na malori yake, mimi na vitenge vyangu, Tumpe na daftari zake. Usingizi ulinikimbia. Niliomba, ndio, lakini niliombea biashara na safari. Jina la Lusekelo sikulitaja hata mbele za Mungu.

Basi ikafika Desemba nyingine. Mwaka ule kazi ya mpakani ilikuwa ngumu, malori yalikuwa machache. Hata hivyo mume wangu alikuwa ameshalipa kianzio cha hoteli. Jioni moja akaniambia, "Mama Tumpe, hela iliyobaki tuchukue kwenye mtaji wa duka. Tutarudisha."

Nilishika simu nitoe ile hela, kisha nikaiweka chini. Nikamuuliza, wala si kwa ugomvi, "Baba Tumpe, hii hela inatununulia nini?"

"Mapumziko."

"Mwaka jana ulipumzika?"

Akasema, "Kila mtoto aliyeruka kwenye bwawa, nilikuwa nakadiria Lusekelo angekuwa mrefu kiasi gani."

Hilo jina! Lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba yetu tangu tumzike. Tumpe alikuwa jikoni anaosha vyombo, akatoka mikono inadondosha maji. Siku ya mazishi tulimwacha kwa jirani, tukiona bado mdogo. Akasimama mlangoni akasema, "Mimi sitaki hoteli. Nataka kwenda kwa bibi. Nataka nione mlipomweka."

Ndugu zangu, wapo wanaosikia sauti ya Mungu katika ndoto. Mimi niliisikia kwa mtoto mwenye povu la sabuni mikononi.

Mume wangu alitoka nje, akakaa uani muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Mpigie mama simu. Kianzio waache nacho."

Nikapiga. Nilipomwambia tunakuja, mama hakuuliza sababu. Akasema tu, "Mje na masweta. Huku baridi."

Tulipita Mpemba, tukafika Itumba salama. Kutoka pale barabara ilikuwa matope matupu, na gari likanasa kabla hatujafika. Tukavua viatu tukapanda kilima kwa miguu, mabegi kichwani. Mama alikuwa barabarani, amejifunika kitenge nilichowahi kumtumia, analowa. Hakusubiri tumwamkie. Akasema, "Wanangu, mmenisamehe?"

Tukashangaa. Nikamuuliza, "Tukusamehe nini, mama?"

"Mtoto alitoka kwangu ndipo akaugua. Nilimwacha acheze kwenye mvua na wenzake. Mlipoacha kuja, nikajua mnanilaumu mimi."

Nikapiga magoti palepale kwenye matope nikamshika miguu. "Hapana, mama! Haki ya Mungu, hatujawahi kuwaza hivyo hata siku moja!" Mume wangu akamkumbatia, akalia kwa sauti, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakulia. Miaka yote ile sisi tulikuwa tunakimbia kaburi, na mama mzee alikuwa anajihukumu peke yake!

Kesho yake tukaenda kaburini. Lilikuwa limepaliliwa, halina jani. Mama alisema, "Kulipalilia naweza. Kulijengea nilikuwa nawangoja ninyi." Mvua ilipotulia, mume wangu akachanganya zege mwenyewe na majirani wawili. Tumpe akaokota kokoto, akaandika jina la mdogo wake kabla saruji haijakauka. Tukaimba, tukaomba, tukamtaja Lusekelo mbele za Bwana bila kuogopa.

Mchana tukala viazi na maharage kando ya moto. Mume wangu akalala palepale kwenye mkeka, anakoroma. Nilimtazama, nikajilaza kidogo pembeni yake. Nilipoamka, mama alikuwa ameshapika chakula cha jioni. Mwenye kukosa usingizi anajua nasema nini. Haleluya!

Sasa wapo walioniuliza, "Kwa hiyo likizo za gharama ni hasara?" Sijasema hivyo. Mwaka huu wakati wa baridi tulijibana tukaenda Zanzibar tena, safari hii na mama mkwe. Alishika mkono wa Tumpe, akaingia baharini hadi magotini, akapiga kelele kama msichana. Baba Tumpe aliogelea. Mimi nilikula nikashiba. Ile safari ilistahili kila senti, na ningeilipia tena. Lakini Desemba ni ya Ibaba.

Namshukuru Mungu aliyetungoja bila kuchoka. Namshukuru mama, ambaye leo yuko shambani anapalilia mahindi yake. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mlango unaouzunguka kila mwaka kwa gharama kubwa, mwambie Yesu akusindikize, ugonge. Usiogope. Huenda ndani yumo mtu ambaye miaka yote anadhani umemkasirikia yeye.

Bwana awabariki. Baba Tumpe, simama wakuone.