Mguu wa Kushoto wa Boazi

Kijiwe cha mji wa Mpemba kipo pale malori yanapoanza kupanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, jiko la mkaa, birika jeusi, na Mama Ketrina anayemimina kahawa ya Mbozi kwenye vikombe visivyojaa kiganja. Jioni hiyo ya Septemba, vumbi likiwa limetanda mpaka kwenye kope za watu, Boazi alikaa mwishoni mwa ubao na kikombe kilichopoa. Mbele yake ilisimama pikipiki yake mpya, nyekundu, kiti bado kimevaa nailoni ya dukani. Ubavuni kushoto ilikuwa na mchubuko mrefu. Mchubuko ule ulikuwa na siku tisa.

Kijiweni walimwita Taratibu, kwa sababu miaka kumi na miwili hakuwahi kumwangusha abiria. Lakini hiyo ilikuwa pikipiki ya zamani. Ile, ukitaka kuongeza gia, unakanyaga mbele kwa vidole. Ukitaka kupunguza, nyuma kwa kisigino. Hii mpya, aliyouza ng'ombe wawili kuipata, imegeuza kila kitu: mbele ni kupunguza, nyuma ni kuongeza. Kichwa cha Boazi kilielewa siku ya kwanza. Mguu wa kushoto haukuelewa mpaka leo.

Siku tisa zilizopita alikuwa amembeba Fortunata, binti wa darasa la saba ambaye miguu yake haijawahi kumbeba. Miaka mitatu alimpeleka shule kila asubuhi, amemfunga kwa kitenge kiunoni mwake asiyumbe. Karibu na shule akataka gia ya nne. Mguu ukaenda mbele, kama ulivyozoea. Pikipiki ikajikaba, tairi la nyuma likateleza kwenye kokoto, wakalala chini wote wawili. Kidevu cha Fortunata kikashonwa nyuzi tatu. Tangu siku hiyo hajaenda shule. Na kesho ni mtihani wa kumaliza darasa la saba.

— Awe, mulamu, dawa yake ndogo sana, — alisema Shadrack. Huyu anauza mitumba ng'ambo ya mpaka, ndiyo maana wanamwita Nakonde, kama mji wa huko, na ndiko alikookota "awe" ya hapana na "mulamu" ya shemeji. — Irudie ile ya zamani.

— Nilishaiuza, iko Mkwajuni machimboni.

— Si uifuate!

— Injini wameifungua, — Boazi alisema. — Inavuta maji kwenye shimo la dhahabu. Kiti chake amekikalia mama mmoja muuza chapati.

Wakampa pole, kama watu waliopewa habari ya msiba.

— Fundi, — Nakonde akamgeukia Luka, ambaye kwa kufungua sana pikipiki za watu wanamwita Plagi, — wewe si uigeuze hiyo pedeli itazame kwingine?

— Nimeigeuza jana. Ukigeuza pedeli, gia zenyewe zipo palepale. Ni kama kugeuza kofia ukidhani umegeuza kichwa.

— Sasa hapo ndipo mnapokosea, — akaingia Hezron. Huyu aliwahi kuwa karani wa mizigo mpakani, na tangu aache kazi hajaacha kutoa maelezo. Wanamwita Profesa. — Tatizo si pikipiki. Tatizo ni mguu. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa guu ndilo halisikii la mkuu. Kwa hiyo atakayevunjika ni mkuu.

— Profesa, wahenga hawakusema hivyo, — alisema Plagi.

— Wahenga hawakuwa na pikipiki. Sikiliza, Taratibu. Mguu una akili yake. Inabidi uudanganye. Kiatu cha kulia ukivae kushoto. Mguu ukijiona umevaa kiatu kisicho chake, utajiona mgeni, utauliza njia. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Utaota sugu tu, — alisema Mama Ketrina, akipuliza mkaa.

— Mimi ninayo ya uhakika, — Nakonde akasimama kabisa. — Tabu si kwamba mbele imekuwa nyuma? Basi kaa umegeuka! Ukikaa unatazama nyuma, mbele inakuwa nyuma, nyuma inakuwa mbele. Kwisha kazi.

— Na barabara ataionaje? — Plagi aliuliza.

— Abiria atamwelekeza!

Wakacheka. Plagi akaongeza kwamba afadhali watu wawili, mmoja ashike usukani, mwingine awe wa gia tu, kama utingo wa lori. Profesa akauliza huyo wa gia atapewa leseni gani. Nakonde akasema ya mguu mmoja. Wakacheka tena mpaka kahawa ikamwagika.

Boazi hakucheka. Chini ya ubao alikuwa na kazi yake. Tangu asubuhi, kila alipokuja kukaa pale, alikuwa akikifundisha kisigino: nyuma, nyuma, nyuma. Hakutaka wamwone.

— Leo alfajiri nilikuwa uwanja wa mpira, — alisema. — Peke yangu. Nimeongeza gia mara kumi na tisa bila kukosea. Ya ishirini, lori likapiga honi barabarani. Nikashtuka. Mguu ukaenda mbele.

— Kumi na tisa kwa ishirini! — Profesa akajipiga paja. — Hiyo ni daraja la kwanza, mzee!

— Hiyo ya ishirini ndiyo yenye mtoto.

Lori moja kwenye foleni lilijivuta hatua chache, likasimama.

— Mama yake anasemaje? — Mama Ketrina aliuliza polepole.

— Anasema mwanawe ananiamini mimi. Kila siku nikipita, Fortunata yupo mlangoni, amevaa sare. Ananiuliza, "Baba mdogo, mguu umeshajifunza?" Bado sijamjibu.

— Si abebwe na mwingine? — Nakonde alisema, kisha akajutia, maana Boazi alimtazama.

— Nimewauliza wenzangu saba. Wote ghafla wana abiria wa asubuhi. Bajaji haipiti kule korongoni. Na wewe, kaka, pikipiki unayo. Nikuulize na wewe?

Nakonde akakitazama kikombe chake. — Mtoto wa watu, mulamu. Akidondoka mara ya pili...

— Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, — Profesa alianza, akasita, akaona mwenyewe kwamba hapo amepotea.

Ndipo akaja Mwalimu Teresia. Hakuna aliyewahi kumwona kijiweni; alikuwa ametoka shuleni kwa miguu, viatu vyeupe kwa vumbi. Wakamsogezea nafasi. Hakukaa.

— Hamjambo, jamani. Ndugu Boazi, nimekuja kwa ajili ya Fortunata. Karatasi ya kwanza ni saa mbili.

— Najua, Mwalimu.

— Sikukuja kukulaumu. Nimefundisha miaka ishirini na sita. Mtoto aliyezoea kuandika herufi vibaya huwezi kumrekebisha kwa siku tisa. Mkono unakumbuka. Naona na mguu ni hivyohivyo. — Akaitazama pikipiki. — Mimi chombo hiki sijui hata kukisukuma. Naomba kuuliza tu. Kwani ni lazima kubadilisha gia?

— Lazima, — walisema watatu kwa pamoja.

— Akiondoka na ile ya kwanza, akaenda nayo hiyohiyo mpaka shuleni?

Plagi akakuna kichwa. — Namba moja? Kwenda, itakwenda. Na mguu ukisahau ukakanyaga mbele, hakuna kitu, chini ya moja hakuna gia nyingine. Lakini, Mwalimu, ni kilomita sita na kile kilima! Injini mpya, haijalainika! Itapiga kelele, itachemka, itaungua. Itakufa!

— Ng'ombe wawili, Mwalimu, — Profesa akasaidia.

— Watoto wake watano wanakula hapo, — akasema Nakonde.

Mwalimu Teresia aliwasikiliza wote mpaka mwisho, kama anavyosikiliza darasa.

— Nimeelewa, — alisema. — Sasa hiyo injini ikifa, itakufa kabla ya shule, au baada?

Profesa akatafuta methali, asipate. Nakonde aliyatazama malori. Kisha wote wakamgeukia Boazi, ambaye kifuani maswali mawili yalikuwa yamegongana: la watoto watano wa kwake, na la mtoto mmoja mlangoni mwenye sare.

— Mimi nitakuwa getini tangu saa moja, — alisema Mwalimu Teresia, akaondoka na vumbi lake.

— Niongezee, mama, — Boazi alisema.

Mama Ketrina akainamisha birika. Yakatoka mashapo tu.

Boazi akainama kuweka kikombe chini, ndipo akaona. Chini ya vidole vya mguu wake wa kushoto palikuwa na shimo. Siku nzima alidhani anakifundisha kisigino, kumbe mguu ulikuwa ukikanyaga mbele, mbele, mbele, mpaka umechimba ardhi. Nyuma, pale pa kisigino, hapakuwa na hata alama.

Akakiweka kisigino pale, akakandamiza kwa nguvu zake zote. Udongo ulikuwa mgumu kama jiwe.