Mtoto wa Mti Anangojwa Kisarawe

Jenifa, niinue kidogo, mto uweke kiunoni, hapo hapo, ahsante mama. Melkiori, zima hiyo simu. Anayekutafuta atakupata kesho, mimi kesho sina uhakika nayo. Sogezeni viti, wanangu, maana sauti hii ni ya kuazima na mwenyewe ameshaanza kuidai, sitaki kurudia neno. Na wewe Lusajo, usisimame mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Hukutoka tumboni mwangu, lakini kiti changu cha Makumbusho Kuu umekikalia wewe, kwa hiyo urithi mzito kuliko wote ni wako. Kaa kando ya dada Mwanaasha, aliyetoka Kisarawe alfajiri kuja kunitazama, na hilo sanduku nililokuomba uje nalo liweke kitandani, miguuni pangu. Usilifungue bado.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ya Kongowe ni yenu wawili, Jenifa na Melkiori, tuliijenga na marehemu baba yenu chumba kimoja kimoja, tukitoka hapa kumekucha kwenda ofisini Dar na kurudi wakati nyinyi mmeshalala. Asiuze mmoja bila mwenzake, na ndugu yeyote wa Rombo akipita na njia, akute kitanda na chai. Mwili wangu mtaupeleka Rombo, kihambani, kwenye migomba ya ukoo, ubavuni mwa baba yenu. Melkiori, usidhani sijasikia ukinong'ona kule uani kwamba hata hapa Kibaha kuna makaburi na Rombo ni mbali. Mbali na nani? Kila kitu kina kwao, na kwetu ni kule. Hilo limekwisha.

Sasa lililonizuia nisiondoke wiki iliyopita. Ndani ya sanduku hilo yumo mwana hiti. Nyinyi wa kuzaa mmemsikia kwa jina tu. Ni mtoto wa mti, hana mikono wala miguu, ana kiwiliwili na kichwa chenye kishungi, na ukoo wa Kizaramo humkabidhi binti aliyevunja ungo, akae naye ndani siku zake za uwali, amwogeshe, ampake mafuta kama anavyojipaka mwenyewe, ajifunze kulea kabla hajalea. Ya ndani zaidi si yangu kuyasema, wenyewe wapo. Huyu ni wa ukoo wa dada Mwanaasha. Walimchukua wageni zamani, enzi za bibi zake, wakamwandika namba mgongoni, akaishia stoo kwetu.

Nilipopewa utafiti wa Makumbusho nzima niuongoze, nilikuta idara zinaishi kama wake wenza walionuniana, hii haipiti uani kwa ile. Wa mimea wanataka fedha za mimea, wa wadudu za wadudu, wa mambo ya kale wanataka kuchimba, wa mila wanataka kurekodi, na kila mwamba ngoma huvutia kwake. Dokta Hussen, bingwa wa miti, akasimama mbele ya mkutano akasema kuwa mimi ni mtu wa mila, nitaigeuza Makumbusho kuwa baraza la hadithi za mabibi. Watu wakacheka. Kinyongo hicho nilikibeba miaka, wanangu, nikila nacho na kulala nacho, na ninakitaja leo ili msije mkanizika nacho.

Maana ni Hussen huyo huyo. Mwaka ule mwana hiti alianza kufa. Alikuwa kabatini, kwenye kioo, haguswi ila kwa glovu, kama wahifadhi wa dunia nzima tunavyofundishwa, na tulipomtoa, unga ulimwagika chini yake kama wa mahindi yaliyobunguliwa. Idara ya wadudu ikasema apigwe dawa, idara ya mimea ikasema akatwe kipande kipimwe, wahifadhi wakasema asiguswe kabisa, wakaanza kugombana juu yake kama ndugu kwenye matanga. Nikapiga meza. Nikasema, mwaka huu Makumbusho haina swali la mimea wala la wadudu wala la mila. Ina swali moja, kwa nini mtoto huyu anafia mikononi mwetu, na kila idara italijibu, na wenye mtoto wataitwa wakae mbele. Kidole kimoja hakivunji chawa. Waliguna, loh! Waliguna mpaka basi.

Lakini ile asubuhi waliyoleta majibu, nasema kweli, sijapata kuona jambo kama lile. Hussen aliweka ukutani picha ya ndani ya mti, akatuonyesha kiunoni mafuta yamezama tabaka juu ya tabaka, ya miaka na miaka. Wa wadudu wakaweka picha yao pembeni, ramani ya matundu ya dudu, kitakoni matundu, mgongoni penye namba yetu matundu, na kiunoni hakuna hata moja. Aneth wa mila akafungulia sauti za mabibi wa Kisarawe wakieleza jinsi mwali anavyomshika mtoto, kiganja kinapita wapi, na mafuta ni ya nyonyo. Hussen alinyanyuka, akaichukua ile picha ya matundu akaiweka juu ya picha yake ya mafuta, na mpaka wa mafuta na mpaka wa dudu ukawa ule ule. Palipopita mikono ya wale mabinti ndipo palipopona. Glovu zetu ndizo zilizokuwa zinamuua.

Mwili ulinisisimka hadi unyayoni, na hata sasa, nikiwa hivi, unanisisimka. Mabinti ambao majina yao hakuna anayeyajua, wengine wamelala makaburini hata kizazi chao hakiwakumbuki, walikuwa wanamhifadhi mtoto huyu kuliko stoo yoyote yenye kiyoyozi, wala hawakujua kuwa wanahifadhi, walikuwa wanapenda tu. Hussen alinifuata, machozi yanamtoka, akaniambia, "Mama, nisamehe, leo nimejifunza mti." Nilimsamehe kwa mdomo siku ile. Kwa moyo, namsamehe leo. Jenifa, umpigie simu, umwambie.

Ndipo tulipompa dada Mwanaasha ahadi, mbele ya watu wote, kwamba kila mara ukoo wake ukiwa na mwali, mtoto atakwenda kwao apakwe mafuta, kisha atarudi kwetu. Na amekwenda, na amerudi, na unga haujamwagika tena. Ahadi ni deni, na hili ndilo deni pekee ninaloliacha.

Sasa Lusajo, baba, nisikilize kwa masikio yote mawili. Bodi inataka Jumatatu mtoto apande ndege, akae ng'ambo kwenye kioo miaka mingi, na idara zirudi kila moja kwenye kona yake, eti swali moja linachelewesha kazi. Saini inayongojwa ni yako. Na kule Kisarawe, Anifa, mjukuu wa Mwanaasha, mtoto aliyemaliza kidato cha nne juzi tu, yuko ndani, Jumamosi anatolewa, na mikono yake ni mitupu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Najua ukikataa watakusema, pengine kiti watakunyang'anya, nami sitakuwepo kukutetea. Siwezi kukuamuru. Sina saini tena, nina pumzi chache tu.

Jenifa, maji. Kidogo... basi.

Fungua sanduku. La, vua glovu. Zivue, mwanangu! Dada Mwanaasha, kijana huyu ni mwanamume, je, anaruhusiwa? Ameitikia kwa kichwa, mmeona. Mpe mafuta yako, hayo uliyokuja nayo, mmiminie kiganjani. Haya Lusajo, mshike. Si hapo, kiunoni. Taratibu. Umesikia kidole kilivyopata mahali pake? Palichongwa bapa hapo. Kishimo hicho hakikuchongwa na mtu, ni vidole hivyo vya wasichana, mmoja baada ya mwingine, mpaka chako leo. Ajabu gani hii, Mungu wangu, ajabu gani...

Unalia. Lia, si vibaya.

Njooni karibu sasa, siwaoni vizuri. Melkiori, mshike dada yako mkono. Mungu awape riziki ya halali na usingizi mwema. Awape kupendana nikiwa sipo kama mlivyoogopana nikiwepo. Na wewe Lusajo, akupe jicho la... la kuona kitu kizima, si kipande. Niliowakwaza mnisamehe, mimi sina kinyongo na mtu.

Nani anaita dereva? Ni wewe, Lusajo? Umemwambia wapi? Sema tena, baba, sikio hili limekwisha. Sema kwa nguvu.

Kisarawe.

Haya. Dada Mwanaasha, mpakate mtoto, asirudi kwenye sanduku. Nendeni, kabla jua halijawa kali. Anifa anangoja.