Barafu Aliyoizika Marehemu Danson Mwakesi

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Sagalla na wenzake marehemu wa stesheni ya Voi, historia hii inasomwa na Zephaniah, mdogo wa marehemu, na kwa kuwa yumo ndani yake kwa ubaya, ameomba ajitaje kwa jina kama mtu mwingine.

Marehemu Danson Mwakesi alizaliwa hapa Sagalla tarehe 3 Mei 1941, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akaajiriwa na reli kuwa karani Voi mwaka 1960, na tarehe 10 Disemba 1966 akafunga ndoa na Jedidah, wakajaliwa Evelyn na Donald.

Mwaka 1994 alisikia redioni kwamba wazungu wanaunda chombo cha kuizunguka nyota yenye mkia na kutua juu yake, akawaandikia, nao wakamjibu kwa bahasha nene yenye mchoro wa kitu cha miguu mitatu na keekee ya kutoboa. Zephaniah aliuona mchoro huo mezani. Nyinyi ni watu wa Taita, mnajua mzungu mwenye keekee anatafuta nini: vito. Tangu siku hiyo Zephaniah hakuwa na raha.

Marehemu alipostaafu, mwaka 1996, akawa kila Jumamosi anapanda kutoka Voi na gunia zito, limefunikwa, linachuruzika maji, akilizika nyuma ya nyumba, na lisemwalo lipo, kijiji kizima kilisema ni mawe ya kijani yameoshwa. Zephaniah alingoja kaka yake aende kanisani, akachimba, akakuta unga wa mbao na tope tupu, akaamini mali imehamishwa, akachimba pengine na pengine, hadi yakawa yale mashimo saba mliyoyaruka asubuhi hii. Shemeji Jedidah alimweleza kwamba ni barafu ya duka la samaki la Bwana Mansur, marehemu huichanganya na vumbi, huifukia kwa unga wa mbao isiyeyuke upesi, akaipigilia misumari, apate kujua chombo kitajishikiza vipi, maana nyota ile ni barafu chafu. Zephaniah alimcheka, nani azike barafu Sagalla, mahali maji ya kunywa yenyewe ni ya kubembeleza? Akamwita mwongo mbele ya wanawe, na kwa miaka miwili hakukanyaga boma hili ila kwa jembe.

Februari 1999 marehemu alizidiwa na kisukari, na mwezi huu wa Agosti alipolazwa akamwita mdogo wake, naye akaenda mbio, Mungu amsamehe, akidhani ataonyeshwa mahali vito vilipo. Alipewa ufunguo wa sanduku. Ndani mlikuwa na barua, misumari iliyopinda, na karatasi ya kumwomba Zephaniah asikilize redio kwa niaba yake, kwani chombo kitaondoka 2003 na kuifikia nyota 2011, na yeye hatakuwepo. Zephaniah alirudi hospitali kuomba radhi, akakuta kitanda kimeshatandikwa upya, tarehe 14 Agosti 1999.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa reli, na Bwana Mansur, ambaye jana Zephaniah alimuuliza mara tatu, naye mara tatu akajibu ni barafu. Shemeji, nisamehe.

Kaka, redio ninayo, na kikitua nitakuja hapa kukwambia. Pumzika kwa amani, hapachimbwi tena.